Umma wa Kata ya Mnadani

Ipo nchi iitwayo Jamhuri ya Utulivu, wala msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana wachora ramani walikatazwa kuisumbua. Ni nchi njema. Serikali yake inawapenda wananchi kiasi kwamba huwaamulia mambo mapema ili wasichoke. Chama ni kimoja tu, Chama cha Maridhiano, na mtoto hupewa kadi yake siku ile ile anayopewa kadi ya kliniki. Ya chama hutangulia. Kwa kuwa chama kingine hakipo, anayeshinda kura za maoni ndani ya chama ndiye anayekuwa diwani. Uchaguzi wenyewe unaofuata baadaye ni shughuli ya kumvika shada la maua.

Katika Kata ya Mnadani ya nchi hiyo aliishi mshona magodoro aliyeitwa Mzee Idrisa Mkwizu. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ilikuwa imepita kiasi. Akikanyagwa mguu sokoni, ni yeye aliyeomba radhi. Akikaribishwa chai iliyotiwa chumvi kwa bahati mbaya, aliinywa yote akaisifu, akaongezwa kikombe cha pili, nacho akakimaliza. Marehemu mkewe alikuwa akimwambia, "Idrisa, wewe hujawahi kumwambia mtu hapana tangu nikujue." Naye alikuwa akijibu, "Ndiyo, Mama Mwajabu."

Basi Jumatano moja asubuhi, Mzee Idrisa alikuwa anarudi kupeleka godoro la mteja. Alipopita nyuma ya ofisi ya chama aliona turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, masufuria makubwa ya pilau yanafuka, na watu wachache wameketi kimya, nyuso zimewashuka. Moyo ukamwambia hapa pana msiba. Mtu wa adabu hapiti msiba kama anapita duka. Alijikung'uta sufi kwenye nguo, akaingia, akamshika mkono mtu wa kwanza aliyemkuta.

"Poleni sana," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiyo kwanza napata habari. Marehemu ni nani?"

Mtu yule alikuwa Bwana Sospeta, Msimamizi wa Uchaguzi wa Kata. Alimtazama Mzee Idrisa kwa hofu, kama mwenye nyumba aliyekuta nyoka sebuleni.

"Mzee," alisema, "tafadhali usiniambie kwamba umekuja kupiga kura."

*

Hofu ya Bwana Sospeta ilikuwa na sababu. Siku ile ndiyo ilikuwa ya kura za maoni, na maandalizi yote yalikuwa yamefanywa kwa mujibu wa sheria. Gari la matangazo lilikuwa limezunguka kila mtaa. Spika yake ilikuwa mbovu, lakini mtangazaji alisimama juu yake akisogeza midomo kwa bidii kubwa. Sheria ilitaka tangazo lizungushwe, haikusema lisikike. Kisha tarehe ilivutwa mbele kutoka Jumapili hadi Jumatano ili kuokoa muda. Kituo nacho kilihamishwa kutoka sokoni, penye watu, hadi uani kwa ofisi ya chama, ili wananchi wasibanane.

Kulikuwa pia na kifungu ambacho viongozi wa nchi ile walikipenda kuliko vyote. Kifungu hicho kilisema kwamba pasipotokea mpiga kura hata mmoja, itachukuliwa kuwa wananchi wameridhika kwa ukimya, na diwani aliyepo ataendelea. Kwa ukimya huo Mheshimiwa Festo Malimbika alikuwa ameongoza kata tangu nywele zake zikiwa nyeusi zenyewe, kabla hazijaanza kusaidiwa.

"Nimekosea, mnisamehe sana," Mzee Idrisa alisema, akirudi kinyumenyume. "Nilidhani ni msiba. Naondoka."

"Ahsante sana, mzee," Bwana Sospeta alisema kwa furaha. "Nenda salama."

"Haendi," ilisema sauti kutoka nje ya turubai.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti peke yake juani, kwa sababu kivuli kilikuwa cha maofisa. Alikuwa Bi Tausi Kondo, mwenye mashine ya kusaga nafaka karibu na soko, na ndiye mgombea wa pili. Wafuasi wake, wanawake waliokuwa wakisaga kwake, walikuwa wamejiandaa kwa Jumapili. Habari ya Jumatano aliipata asubuhi ile ile, akakimbia nyumba hadi nyumba, akakuta wote wameshakwenda mashambani. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kupiga kura, kwa kuwa sheria ilimkataza mgombea kujipendelea. Maofisa na wapishi nao walikatazwa, ili wasichanganye kazi na siasa.

"Ana kadi ya chama kama sisi sote," Bi Tausi alisema. "Ameingia kituoni kabla hakijafungwa. Anapiga kura."

Bwana Sospeta alifungua kitabu cha sheria, akatafuta kifungu cha kumtoa mtu aliyekuja kuhani msiba, hakukiona. Akafunga kitabu, akapiga simu.

"Mheshimiwa," alisema kwenye simu, "samahani kwa usumbufu. Kumetokea mwananchi."

*

Inafaa kueleza hapa kwa nini Bi Tausi alimwona Mzee Idrisa akaona kama mvua imemnyeshea shambani.

Katika masika yaliyopita, Mwajabu, binti yake Mzee Idrisa, alishikwa na uchungu wa kujifungua, wakamkimbiza zahanati ya kata. Chumba cha kujifungulia kilikuwa na kufuli. Mheshimiwa Malimbika alikuwa amehifadhi humo saruji yake, kwa muda tu, na muda huo ulikuwa umefikisha miaka. Nesi alilia, akasema ufunguo uko kwa Mheshimiwa, na Mheshimiwa yuko semina. Bi Tausi alisikia kelele, akazima mashine, akaja mbio na wanawake wenzake. Walizungusha khanga pale barazani, na nyuma ya khanga hizo, kwenye sakafu ya saruji, mjukuu wa Mzee Idrisa alizaliwa mzima. Mzee Idrisa alisimama nje ya khanga, na Bi Tausi alipotoka na damu mikononi, alimshika mikono yote miwili bila kujali.

Bi Tausi alichukua fomu ya kugombea juma lile lile. Hakuwa na hoja nyingi. Alitaka mlango ule ufunguliwe.

Sasa alimsogelea Mzee Idrisa kwa heshima. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Tausi."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ameanza kukaa."

"Mgombea," Bwana Sospeta alimkatiza, "kampeni zimefungwa tangu jana. Kumuulizia mtoto yule ni kunadi sera."

Bi Tausi alirudi juani, akaketi, akamtazama Mzee Idrisa kwa mbali. Hakuwa na wasiwasi usoni. Alionekana kama mtu aliyefika nyumbani na anasubiri tu mlango ufunguliwe.

*

Mheshimiwa Malimbika aliwasili akiwa na vumbi na tabasamu. Yeye hakuwa mgombea anayefanya kampeni; alikuwa kiongozi anayesalimia wananchi, na hilo sheria iliruhusu. Alimkumbatia Mzee Idrisa hadi kofia ikaanguka, akaiokota yeye mwenyewe, akaipuliza, akamvika.

"Ndugu zangu," alisema, akiwatazama wapishi, "siku zote maadui zetu husema kwamba umma hauji. Leo umma umekuja. Umekuja kwa miguu yake. Umekuja bila kushurutishwa, bila hata kujua unakuja wapi. Je, kuna demokrasia kubwa kuliko hiyo?"

Maofisa walipiga makofi. Mzee Idrisa alitazama nyuma kuona nani mwingine ameingia.

Akaketishwa kwenye kiti chenye mto. Wapishi walikuwa wamepika pilau ya kata nzima, kwa sababu bajeti ya wapiga kura ilikuwa lazima itumike hata pasipo wapiga kura, na sasa sinia zima liliwekwa mbele yake peke yake. Alisema ameshiba, wakasema kidogo tu. Alikula kidogo, wakasema umma hauli hivyo. Mheshimiwa aliketi pembeni yake, akachambua nyama kwa vidole vyake mwenyewe, akawa anasogeza vipande laini upande wa Mzee Idrisa.

"Kula, Umma," alisema kwa upole. "Mimi nimekuja kukutumikia."

Hakuna aliyewahi kumchambulia Mzee Idrisa nyama tangu afiwe na mkewe. Alijua kwamba nyama ile haikuwa ya Mheshimiwa, na kwamba mkono ule ndio uliokuwa na ufunguo wa zahanati. Alijua yote hayo, na bado alisema ahsante kila kipande kilipofika.

Jua lilimpiga Bi Tausi kichwani. Hakuna aliyempelekea hata maji.

*

Chumba cha kupigia kura kilikuwa cha siri kweli. Tuwe wakweli kuhusu nchi ya watu. Kilikuwa kibanda cha mbao chenye pazia zito, ndani mna meza, kalamu, na karatasi yenye picha mbili. Bwana Sospeta aliwaamuru watu wote wageuze migongo, na wote wakageuza, hata Mheshimiwa.

Mzee Idrisa alisimama mle ndani peke yake na kalamu mkononi. Alipeleka kalamu kwenye picha ya Bi Tausi. Hakuwa na shaka hata chembe. Alikuwa karibu kuigusa karatasi alipokumbuka kwamba sandukuni hamtakuwa na kura nyingine. Yake ikifunguliwa tu, kila mtu pale nje atajua ni ya nani. Alijiona akitoka na Mheshimiwa amesimama, vidole bado vina mafuta ya nyama aliyomchambulia. Alijiona akimtazama machoni, akimaanisha hapana. Maofisa wale wote waliomwita Umma watamtazama. Wapishi watatazama sinia.

Kisha akafikiri upande wa pili. Akimchagua Mheshimiwa, ni nani atakayeumia? Tausi. Na Tausi ni mtu wa moyo mzuri. Tausi ataelewa. Tausi hasemi sana, hana kinyongo, ni kama ndugu. Ukilazimika kumkosea mtu, ni nafuu umkosee yule atakayekusamehe.

Hivyo ndivyo alivyofikiri, nasi hatuongezi wala hatupunguzi. Aliweka alama kwenye picha ya Mheshimiwa Malimbika, taratibu, bila kutoka nje ya mstari, akakunja karatasi vizuri.

*

Kuhesabu kulifanywa kwa umakini. Karatasi ilitolewa, ikainuliwa, ikaonyeshwa kaskazini na kusini. Ikahesabiwa mara ya pili ili kuondoa shaka. Kisha Bwana Sospeta alisimama juu ya kiti.

"Waliojitokeza wote wamepiga kura. Kura zilizoharibika, hakuna. Mheshimiwa Festo Malimbika amepata asilimia mia moja ya kura zote halali. Bi Tausi Kondo hakupata. Natangaza kwamba wananchi wa Kata ya Mnadani wamesema kwa sauti moja."

Vigelegele vya wapishi vilipanda. Mzee Idrisa alitazama chini. Aliona miguu ya Bi Tausi ikija, kandambili zenye vumbi la unga. Zilisimama mbele yake.

"Pole na jua, kaka," Bi Tausi alisema.

Alimpa mkono. Akampa na Mheshimiwa mkono. Kisha akatoka kwenye lango, akaenda kwenye mashine yake, na baada ya muda mfupi ilisikika ikinguruma mbali huko, kama siku yoyote.

Nyumbani, Mwajabu alikuwa anamwogesha mtoto. "Baba, umechelewa. Ulikuwa wapi?"

"Nilipita msibani."

"Kwa nani?"

Mzee Idrisa alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akaviweka sawa, akavipanga tena.

*

Siku iliyofuata redio ya taifa ilitangaza kwamba wananchi wa Mnadani walijitokeza kama mtu mmoja. Mheshimiwa alipendezwa sana na habari hiyo, akaamua kumteua Mzee Idrisa rasmi kuwa Umma wa Kata. Kazi yake ilikuwa kuhudhuria. Kila palipohitajika kusemwa kwamba umma umeshirikishwa, kiti kiliwekwa, naye aliketi juu yake. Alishirikishwa kwenye mpango wa kuhamisha jalala karibu na shule. Alishirikishwa kwenye vikao vya kujadili vikao. Alitaka kukataa uteuzi, lakini barua ilikuwa imeandikwa kwa lugha nzuri mno.

Mwajabu aliisikia redio kama watu wengine. Hakumuuliza baba yake chochote tena. Alimwekea chakula mezani, akakifunika kwa kawa, akaenda kula chumbani na mtoto.

Mtaani hakuna aliyemtukana. Wanawake walimwamkia kama kawaida, ila walimwamkia wakiwa wanapita. Wateja walileta magodoro, wakayaweka mlangoni, wakasema watarudi. Zamani walikuwa wakiketi.

Kisha ikaja siku ya uzinduzi. Ahadi ya kwanza ya Mheshimiwa katika kipindi kipya ilikuwa kuboresha huduma za zahanati, na alianza na kufuli. La zamani lilikuwa limeshika kutu. Jipya lilitoka mjini, kubwa kama mkate. Turubai lilifungwa, utepe ukakatwa.

"Umma ndio mwenye mali," Mheshimiwa alihutubia mbele ya mlango wa chumba cha kujifungulia. "Kwa hiyo ni Umma atakayefunga. Na ili watu wasiseme tunaficha, ufunguo wa akiba atabaki nao yeye. Mimi sina siri na Umma."

Aliweza kusema hivyo bila wasiwasi. Alimjua mtu aliyempa.

Wanawake walisimama ng'ambo ya barabara. Bi Tausi alikuwa katikati yao. Mzee Idrisa alichukua kufuli, akalipachika, akalifunga. Lililia kwa sauti kubwa kuliko alivyotegemea. Akarudi kwenye kiti chake, akaketi, makofi yakapigwa.

*

Alasiri ile alijaza mahindi kwenye ndoo, ingawa unga nyumbani ulikuwapo, akaenda kwenye mashine. Bi Tausi alikuwa anafagia. Hapakuwa na mteja mwingine.

"Tausi," alisema, "nimekuja kusema."

"Sema, kaka."

"Ile siku. Mimi nilitaka kukupigia wewe. Wallahi kalamu ilikuwa kwenye picha yako."

"Halafu?"

"Niliona aibu. Wale watu walikuwa wananitazama. Wamenilisha, wameniita majina makubwa. Nikaona nitatokaje mbele yao."

Bi Tausi aliegemeza fagio ukutani.

"Na mimi nilikuwa nakutazama," alisema.

Katika siku zote zile Mzee Idrisa alikuwa amewaza macho ya kila mtu aliyekuwapo uani, hata ya wapishi. Haya hakuwa ameyahesabu.

"Nilijua utanisamehe," alisema hatimaye, na aliposikia maneno hayo yakitoka alitamani ardhi immeze.

"Ndiyo," Bi Tausi alisema. "Watu wengi wanajua hivyo."

Alichukua ndoo ya mahindi, akaimimina kwenye mashine. Kabla hajawasha, mwanamke mmoja aliingia akihema, akasema Sikudhani, mke wa fundi baiskeli, ameshikwa na uchungu, wako njiani kuja zahanati. Bi Tausi alianza mara moja kukusanya khanga zake kutoka kwenye kamba.

Mzee Idrisa aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. "Chukua," alisema.

Bi Tausi alitazama ufunguo, hakunyoosha mkono. "Huo hawakunipa mimi, kaka. Mimi nilishindwa."

Akatoka na khanga zake.

Mzee Idrisa alibaki amesimama na ufunguo umemjaa kiganjani. Alifikiri juu ya barua ile iliyoandikwa vizuri. Alifikiri jinsi atakavyomsalimia Mheshimiwa kesho. Kisha akatoka, kwanza akitembea, halafu mwendo wa haraka, halafu akikimbia kwa namna ya mzee asiyekimbia, kofia mkononi.

Mlinzi wa zahanati alisimama mlangoni. "Mzee, una kibali?"

"Sina," Mzee Idrisa alisema. "Naomba usogee."

Mlinzi alisogea. Kufuli lilifunguka, mlango ukasukumwa, na ndani wakakuta mifuko ya saruji imepangwa hadi dirishani. Waliposhika wa kwanza waligundua kwamba umekuwa jiwe. Unyevu ulikuwa umeigandisha yote miaka mingi iliyopita. Kata nzima ilikuwa imezaliwa barazani ili kulinda mawe. Waliyabeba nje mmoja mmoja, Mzee Idrisa na nesi na wanawake, huku Sikudhani akiugulia kwenye benchi, na hakuna aliyezungumza ila Bi Tausi, aliyesema, "Shika upande ule." Kitanda kilipoonekana walikifuta, wakamlaza. Alijifungua mtoto wa kiume kabla magharibi haijaingia.

*

Ofisi ya Mheshimiwa ilitoa taarifa fupi kwamba Umma wa Kata ya Mnadani umejiuzulu kwa sababu za kiafya, na kwamba nafasi hiyo itabaki wazi hadi uchaguzi ujao. Kipindi cha Mheshimiwa kilikuwa bado kibichi kabisa. Jalala lilihamia karibu na shule kama lilivyopangwa, na mambo mengine mengi yaliendelea kwa asilimia mia moja. Kuhusu chumba, Mheshimiwa alitangaza kwamba amekifungua.

Juma lililofuata, mama yake Sikudhani alifika kutoka kata nyingine kumwona mjukuu. Aliuliza nani aliyefungua mlango, wakamwonyesha kibanda cha magodoro. Alikwenda akiwa amebeba kuku, wanawake wa mtaani wakimsindikiza. Alipomfikia Mzee Idrisa, mama yule mtu mzima alipiga magoti kwenye sufi.

"Mungu akulipe, baba. Umemwokoa mwanangu."

Mzee Idrisa aliruka kutoka kwenye kigoda, akajaribu kumwinua. "Mama, nakuomba usinishukuru. Tafadhali. Mimi sistahili."

Mama yule alisimama, akawageukia wanawake akitabasamu.

"Mzee wenu ana adabu," alisema.

Wanawake walitazamana.